Pilipili ya Nyumba Tisa

Haubi, Irangi
26 Mei 1912

Kwa kaka yangu Shaaban, uliyeko Dodoma kwenye reli.

Shikamoo kaka. Huku kwetu sote tunapumua, alhamdulillahi. Mama macho yamezidi kufifia, lakini masikio yake bado ni makali, na kila siku ananiuliza kama Dodoma kuna upepo na kama una nguo nzito. Mpwa wako ameota meno mawili na anauma kila anayemkaribia. Mume wangu Yahaya anakusalimu sana. Mvua ilikuwa ya kutosha, mtama umesimama vizuri.

Sasa kilichonikalisha chini niandike. Pilipili kichaa mwaka huu imezaa kuliko miaka yote. Nyumba tisa za huku mlimani tumeanika, na mikeka imekuwa myekundu hadi njiani. Mama anapiga chafya tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini akida ametangaza tena kwamba pilipili yote na giligilani yote iuzwe barazani kwake tu, kwa mnunuzi mmoja anayemleta yeye, na ipimwe kwa mizani yake. Kaka, wewe unaijua shingo yangu, siyo ya kulegea. Mwaka jana nilipeleka makanda mawili, kila moja lilinifanya nipumzike mara nne njiani. Mizani ikasema yote mawili hayatimii frasila moja. Nikanyamaza. Wote tulinyamaza.

Batuli, yule mjane jirani yangu, hakunyamaza. Aliwauzia wasafiri kikapu kimoja. Akida hakumgusa yeye. Alimkamata shemeji yake, akachapwa viboko hamsa ishirini mbele yetu, na sisi tukaamriwa tuhesabu kwa sauti.

Ninataka kujua mambo mawili. Mtu akileta pilipili kavu stesheni, atapata mnunuzi? Na amri hii ya akida, ni ya Serikali ya Wadachi kweli au ni yake mwenyewe? Jibu lako usilipitishe kwa karani wa akida. Barua zetu anazifungua, kisha anatusimulia yaliyomo kabla hatujazisoma.

Mimi dada yako,
Mwamvua


Dodoma
17 Juni 1912

Kwa dada yangu Mwamvua.

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeibusu kwa ajili ya mama. Mwambie upepo upo, na vumbi lipo zaidi, lakini nguo ninazo. Mimi ni mzima. Gari la moshi sasa linakwenda mbele hadi Tabora, na kila linaposimama hapa watu wanakimbilia kuuza kuku na maziwa kama sokoni. Kazi yangu ni ile ile ya ghalani kwa tajiri.

Uliyoniuliza. Wanunuzi wapo. Pilipili kavu inapelekwa pwani, na wanaoinunua hapa wanagombania. Bei ya frasila moja hapa ni zaidi ya mara tatu ya ile mnayopewa huko. Nimekuandikia kwa sababu umeuliza, lakini msilete. Nasema tena, msilete. Amri ya akida mimi sijaisikia hapa bomani, ila mtu wa ghalani hasikii kila kitu. Njia ni ndefu na kuna watu wanaotazama.

Anayekuletea barua hii ni Matonya, Mgogo wa Zuzu, mtu wangu. Ana punda, anapeleka chumvi Irangi. Haongei sana, lakini ukimpa kitu kinafika. Ukishasoma, choma.

Kaka yako,
Shaaban


Haubi
9 Julai 1912

Shikamoo kaka. Mama anakusalimu, mtoto anakusalimu. Mimi mwenyewe sijui niseme ni mzima au la.

Uliandika msilete. Nilimsomea Yahaya barua yako yote. Akaniambia nirudie pale ulipotaja bei. Hakuniambia nirudie pale uliposema msilete.

Wametoka siku tisa zilizopita, yeye na Matonya na punda wanne. Pilipili ni ya nyumba zote tisa, kila nyumba imetoa ilichoweza kuficha. Makanda yamewekwa chini na magunia ya chumvi iliyobaki yakawekwa juu. Hawakushika njia kuu. Matonya alisema anajua mapito ya wachungaji mpaka Ugogo. Yahaya alinishika bega akasema, "Siku nane tu. Usiangalie njia, utachosha macho." Mpaka leo ninaangalia njia.

Siku ya tatu wakaja watu wawili wa akida. Mmoja akauliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikasema amekwenda Kolo msibani. Akauliza, "Nani kafa?" Kaka, nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo. Nikataja jina la kwanza lililonijia mdomoni, la bibi yake Batuli. Na bibi yake Batuli alikuwa nyumba ya tatu, anatwanga mtama. Nilikuwa nasikia mchi wake ukigonga wakati nasema amekufa. Yule mtu akanitazama, akaondoka. Bibi tumemfungia ndani siku mbili. Ananilaani bado.

Barua hii nimempa mwanamke anayemfuata mumewe kwenye reli. Yahaya akifika, nijulishe siku hiyo hiyo. Usingoje mtu mzuri wa kuileta, mpe yeyote.

Mwamvua


Dodoma
24 Julai 1912

Dada Mwamvua, salamu kwako na kwa mama.

Mzigo umefika. Mwenyewe bado.

Matonya ameingia juzi na punda wote wanne, baada ya siku nyingi za kujificha porini. Anasema kwenye kisima cha Chenene walikutana na watu watatu wa akida, mmoja ana bunduki. Yahaya aliwaona kwanza. Akamwambia Matonya, "Punda ni wako na chumvi ni yako. Mimi hunijui." Kisha akatembea mbele peke yake kuwaendea, kama mtu anayetaka kuomba maji. Walimshika. Matonya alipita na punda wake kando yao, na Yahaya hakumtazama.

Hayo tu ndiyo anayoyajua. Makanda nimeyaweka nyumbani kwa Matonya, Zuzu. Usiniulize kwa nini siyo ghalani kwetu.

Natafuta habari zake. Usiende kwa akida kuuliza.

Shaaban


Haubi
13 Agosti 1912

Kaka.

Mama hajambo. Kesho au keshokutwa mwezi ukiandama tunaanza kufunga. Sina salamu nyingine.

Sikwenda kwa akida. Akida amekuja mwenyewe. Alikuja mchana, na mwavuli wake, akakaa kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa. Mama alikuwa chini, ameegemea ukuta, hakujua ni nani. Akamsalimia mama kwa upole sana.

Akasema, "Mama Mwamvua, ulinyimwa mtoto mvivu. Kijana wako wa Dodoma ni hodari sana wa mizani."

Mama akafurahi. "Unamjua Shaaban wangu?"

"Nitaachaje kumjua? Pilipili yote ya huku inapita mikononi mwake. Tajiri wake ndiye mnunuzi wangu. Sisi hapa tunapima, na yeye kule anapima tena." Kisha akanigeukia mimi. "Kwani hakuwahi kukuambia?"

Nikasema aliniambia. Nilisema uongo kwa ajili yako, na nikauona uso wake ukijua kwamba ni uongo.

Kaka, kila barua umeandika "kazi ya ghalani". Kwa miaka miwili makanda yangu yamekuja kwako. Uliyajua. Ususi wa makanda yetu unaujua, umekulia juu yake. Uliyaweka kwenye mizani, ukaona uzito wake wa kweli, na wewe ndiye pekee duniani uliyekuwa unajua tunaibiwa kiasi gani. Ukanyamaza.

Yahaya yuko wapi? Kama unajua hilo nalo ukanyamaza, usiniandikie tena.

Mwamvua


Dodoma
31 Agosti 1912

Dada yangu, mtoto wa mama yangu.

Barua yako nimekaa nayo siku tano bila kuijibu. Nafuturu kwa maji tu.

Ni kweli. Kanda la kwanza lilipofika niliujua mkono uliolisuka, ni wa mama, kabla macho hayajamharibikia. Nililipima. Uzito wake ulikuwa karibu mara mbili ya ule uliotajwa kwenye karatasi ya akida. Nikamwambia tajiri. Akasema, "Wewe unalipwa kusoma mizani, siyo karatasi." Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Niliona nikisema nitarudi Haubi mikono mitupu, nami nilikuwa nimeaga kwa majigambo. Basi nikasoma mizani. Baadaye ikawa siwezi tena kusema, kwa sababu wangeniuliza kwa nini sikusema mwanzo.

Sasa Yahaya. Yuko hapa Dodoma, na yuko hai.

Nilimwona siku kumi kabla barua yako haijanifikia. Yuko kwenye mnyororo. Wanavunja mawe kwa ajili ya njia ya stesheni, watu wanane shingo kwa shingo. Nilipita na gari la mkono la tajiri. Yahaya akaniona. Nilisimama kama ninafunga kamba ya mzigo, nikamuuliza bila kuinua kichwa, "Una nini?"

Akasema, "Mguu. Mwambie Mwamvua nimefika."

"Wamekushtaki nini?"

"Wizi. Eti nimeiba pilipili ya soko la akida. Waliniuliza mzigo uko wapi, nikasema sina. Wakaniuliza nilikuwa na nani."

"Ukasema?"

Askari akageuka, na mimi nikasukuma gari. Lakini kama angekuwa amesema, Matonya asingekuwa anachunga ng'ombe wake leo.

Amehukumiwa miezi sita. Nimemuuliza kwa siri mtu anayetafsiri bomani. Anasema hakuna amri yoyote ya kuuza kwa akida peke yake. Haipo wala haijawahi kuwapo. Akida ameitunga. Anasema mtu akisimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa boma, akaeleza pilipili ni ya nani na mizani ya akida inasemaje na ya hapa inasemaje, kesi ya wizi inaanguka. Na mtu huyo ni mmoja tu.

Ninaogopa, Mwamvua. Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo naandika hivyo. Nikisimama, swali la kwanza watakaloniuliza ni lile lako. Hapa nyuma ya boma kuna benchi la viboko, na Jumatatu na Alhamisi nalisikia likifanya kazi kutoka ghalani. Nimefikiri kukimbilia Tabora. Nilikwenda mpaka stesheni, nikaliangalia gari likiondoka.

Niambie nifanye nini. Wewe ukisema, nitafanya.

Shaaban


Haubi
12 Septemba 1912

Shikamoo kaka. Nilikuwa nimeapa kutokuandika neno hilo tena, lakini nimeliandika.

Habari kwamba yuko hai nimempa mama kwanza. Alisujudu pale pale alipokuwa amekaa. Kisha akauliza, "Na Shaaban?" Nikasema Shaaban mzima. Akasema, "Sauti yako haisemi hivyo."

Unaniomba nikuambie ufanye nini. Sitakuambia. Nikikuambia usimame na wakakuumiza, nitaishi na hilo. Nikikuambia ukimbie, nitaishi na mguu wa Yahaya. Huwezi kunipa mimi nibebe yote mawili.

Lakini nitakueleza jambo lililonipata mimi, kisha amua mwenyewe. Akida ameniita barazani. Aliniwekea karatasi na kalamu. Anajua baba alinifundisha kuandika, mwanamke peke yangu huku mlimani. Akasema, "Niandikie nyumba zilizompa mumeo pilipili. Ukimaliza, natuma barua Dodoma, na mumeo anafunguliwa." Nikasema sizikumbuki. Akasema, "Una mpaka Idd ukumbuke." Idd ni kesho.

Kaka, siku nne nimekuwa na karatasi ile ndani. Mtoto akilia naona kama inaniita. Batuli anakuja kunisaidia kuchambua giligilani, tunakaa mkeka mmoja, na mimi kichwani nimeshaandika jina lake mara mia. Naye anajua. Jana aliniambia, "Ukiniandika, niambie mapema, nipate kumpeleka bibi kwa watu wake." Alisema bila hasira, huku anapepeta. Nikainuka, nikatoka nje.

Leo asubuhi nimepeleka karatasi. Nimeandika jina moja, Mwamvua, mke wa Yahaya. Karani akaisoma, akaisoma tena nyuma na mbele, akampelekea bwana wake. Nikasikia akida akicheka ndani. Hakutoka. Nimerudi nyumbani na sijui anangoja nini.

Dada yako


Zuzu, kwa Matonya
30 Septemba 1912

Dada yangu Mwamvua.

Yahaya amefunguliwa. Nimeliandika kwanza ili usitafute kwenye mistari.

Yupo hapa, amelala kwenye kivuli cha ukuta wa Matonya. Mke wa Matonya anamwosha kidonda cha mguu kwa maji ya majani anayoyajua yeye. Hawezi kutembea safari ndefu kwa sasa, labda mwezi, labda zaidi. Anakula. Anainama wakati wa kula, shingo mbele, kama bado kuna watu saba pembeni yake. Haelezi yaliyompata kule nami simuulizi.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na moja. Nilipofika mahali pa lile jina moja niliikunja, nikaenda bomani hivyo hivyo na vumbi la ghala mwilini, kwa kuwa nilijua nikienda kunawa sitarudi. Akida aliitwa kwa tarishi wa mbio, na siku ya tano akafika juu ya nyumbu wake. Alinisalimia mbele ya watu kwa jina langu na jina la mama.

Bwana Shauri aliuliza na mtafsiri akageuza. Nilieleza mizani. Wakaleta jiwe la mizani la akida, walilokuwa wamelitaka aje nalo, wakalipima kwa mizani ya stesheni. Likazidi vile nilivyosema, na zaidi kidogo. Akaulizwa amri ya soko ameipata wapi. Akasema watu wamemwelewa vibaya, yeye aliwashauri tu.

Kisha Bwana Shauri akaniuliza, "Basi mzigo aliokamatiwa mtu huyu ni wa nani?" Nikamjibu. Akaniuliza, "Na wewe ulijua wizi huu tangu lini?" Nikamjibu hilo pia.

Yahaya akafunguliwa minyororo pale pale. Mimi nikapelekwa nyuma, kwenye benchi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, usishangae mwandiko. Kazi imekwisha bila shaka. Pilipili yenu Matonya ameiuza stesheni, kwa mizani ambayo kila mtu aliiona, na haki ya kila nyumba ipo.

Akida hakuondolewa. Ameonywa. Ameondoka kurudi kwenu.

Msamehe kaka yako, kwa yale niliyoyaandika na kwa mengine.

Shaaban


Haubi
13 Oktoba 1912

Shikamoo kaka, na pole ya mgongo. Mama amelia mpaka macho yake yakauma, akasema nikuandikie kwamba amekusikia. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta.

Yahaya mwambie nimesoma kwamba amefika.

Sasa nikueleze ya hapa. Akida alirudi, akakaa siku tatu ndani, kisha akapiga ngoma ya mkutano. Tulikwenda wote. Akasimama barazani, amevaa vizuri, akasema Serikali imeamua kila mtu auze pilipili yake anakotaka, kwa yeyote anayemtaka. Watu wakaangaliana. Akasema, "Hasa hawa." Akaanza kutaja majina, taratibu, moja moja, akingoja kila mtu aitike. Nyumba tisa, kaka. Alianza na Batuli na akamaliza na mimi, hakuruka hata moja wala hakukosea moja. Akasema, "Hawa nimewajua sasa. Wauze salama." Akaingia ndani.

Watu walirudi makwao, na milango ikafungwa kabla ya alasiri.

Jina moja nililoandika mimi halikutosha kumpa tisa. Yahaya hakusema hata kwenye mnyororo. Uliulizwa mzigo ni wa nani, ukajibu, na akida alikuwa amesimama pale anasikia. Ndiyo "mengine" unayotaka nikusamehe. Najua ungefanyaje, bila majina wangesema unatunga. Najua hivyo, lakini bado nina hasira, na tutaizungumza uso kwa uso, siyo hapa.

Nyumba tisa zilikuja kwangu Ijumaa baada ya swala. Nilidhani wamekuja kunilaumu. Walikaa. Shemeji yake Batuli, yule aliyechapwa, ambaye mpaka leo haegemei kitu, ndiye aliyesema, "Tukikaa hapa atatuchukua mmoja mmoja. Leo ng'ombe huyu, kesho shamba lile, keshokutwa mtu kwenye mnyororo. Pilipili ya pili imekauka, na giligilani tunayo. Twende wote." Mwingine akauliza, "Kwa njia ipi?" Batuli akasema kwa njia kuu. Kisha mmoja akauliza nani ana punda wa kuazima, na hapo nikajua tunakwenda.

Tunatoka Alhamisi, jua likiwa limepanda, nyumba tisa na mizigo yetu imefunuliwa, bila chumvi juu. Njia kuu inapita mbele ya baraza lake, hakuna pengine pa kupita. Mama tunambeba. Wengine watarudi wakishauza, wengine hawajasema kama watarudi. Mimi sijui.

Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya karatasi. Wino umemwagika, umeona mwenyewe. Nikifumba macho naona lile baraza na mlango wake umefunguka nusu.

Barua hii inatangulia na mtu anayekimbia, itatushinda kwa siku tatu au nne. Tafuta mahali pa watu ishirini na sita. Na Yahaya, kama ataanza kusema anatoka kuja kutupokea njiani, mshike. Mwambie akae pale pale alipo, kwenye ukuta wa Matonya, nimkute.

Mwamvua